Pumzi Kwanza, Mafuta Baadaye

Miongoni mwa mazungumzo yasiyokwisha baina ya wenye malori, tangu bandarini Malindi hadi vituo vya karafuu vya Pemba, ni namna ya kuliongezea nguvu gari la dizeli. Mwenye gari husema lori lake limekuwa zito. Dereva husema mlima wa kutokea bandari ya Mkoani haupandiki ila kwa gia ya kwanza. Fundi naye, ambaye kwa desturi hakosi jawabu, huchukua bisibisi, akaikata lakiri ya pampu, akaizungusha skrubu ya mafuta nusu duara, na lori likatoka karakanani likinguruma kama simba. Wote watatu hufurahi. Gharama ya furaha hiyo hulipwa kwanza na mtu wa nne ambaye hakuulizwa, yaani mtoto anayekwenda skuli kwa miguu ukingoni mwa barabara, anayepitiwa na wingu jeusi hata ile shati yake nyeupe ikabadilika rangi kabla hajafika darasani. Baada ya miezi kadhaa zamu humfikia mwenye lori mwenyewe, pale anapoambiwa kwamba pistoni imeyeyuka.

Safu hii haikusudii kumlaumu mtu kwa kutaka nguvu. Visiwa hivi vinaishi kwa malori. Mchele, saruji, kokoto, mchanga, maji ya tangi, mbao, na karafuu yenyewe inayotuletea fedha za kigeni, vyote hupita juu ya magurudumu ya Canter, Isuzu, Tata na Scania, mengi yao yakiwa yamekwisha kufanya kazi miaka mingi Ujapani au kupitia Dubai kabla ya kutufikia sisi. Aliyenunua gari la namna hiyo kwa fedha za mkopo ana kila sababu ya kutaka libebe na lipande. Tunalotaka kulizungumza ni namna ya kuchagua: mtu aanze na kitu gani katika mfumo wa mafuta, kipi akifanye baadaye, kipi asikiguse kabisa, na ni nani aliye na wajibu wa kupima.

Hapana budi tuanze na tabia ya injini yenyewe, kwa kuwa makosa mengi chanzo chake ni kuidhania dizeli kuwa ni petroli. Rudolf Diesel, Mjerumani aliyeomba hataza yake mwaka 1892 na kuonesha injini inayofanya kazi sawasawa mjini Augsburg mwaka 1897, alijenga juu ya fikra moja, kwamba hewa ikikandamizwa sana hupata joto la kutosha kuwasha mafuta bila ya cheche. Injini ya petroli huongozwa kwa kufungua na kufunga njia ya hewa. Dizeli haina mlango huo. Silinda hujivutia hewa yote inayoweza kuivuta kila mara, na dereva anapokanyaga huongeza mafuta tu. Kwa hivyo ni kweli kabisa, asemavyo fundi, kwamba ukiongeza mafuta utaongeza nguvu. Ila ukweli huo una mpaka, na mpaka wenyewe ni hewa.

Tufanye hesabu kidogo, kwani katika jambo hili hesabu husema kuliko makelele ya ekzosi. Tuchukue injini ya lita 4 isiyokuwa na turbo, mfano wa zile zilizojaa katika Canter za zamani, inayozunguka mara 2,000 kwa dakika. Kwa kuwa ni injini ya mapigo manne, huvuta lita 4 za hewa katika kila mizunguko miwili, yaani lita 4,000 kwa dakika lau silinda zingejaa kamili. Hazijai kamili, tuseme tisa katika kumi, zikabaki lita 3,600. Hewa ya pwani yenye joto la nyuzi 30 ina uzito wa kilo 1.16 hivi kwa kila lita 1,000. Injini yetu basi inapata kilo 4.2 za hewa kwa dakika. Kilo moja ya dizeli kuungua yote huhitaji hewa ya kilo 14 na nusu, lakini kwa sababu mafuta na hewa hukutana kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kwa kazi ya kweli inafaa tuhesabu kilo 20. Haki ya injini hiyo, kwa hivyo, ni gramu 210 za mafuta kwa dakika, sawa na robo lita.

Sasa fundi anapoifungulia skrubu hata pampu ikatoa gramu 300, hewa ni ile ile kilo 4.2. Kila kilo ya mafuta imebakiwa na kilo 14 tu za hewa, chini ya kile kiwango ambacho hata kwa kuchanganyika barabara kingetosha. Nguvu itaongezeka kidogo, hilo hatulikatai. Sehemu iliyobaki ya zile gramu 90 hutoka ikiwa masizi, na nyingine huendelea kuungua wakati pistoni inashuka na mlango wa moshi unafunguka, ikapasha joto kila kitu inachokipitia. Moshi mweusi ni mafuta ambayo mwenye lori ameyalipia kituoni kwa bei iliyotangazwa na ZURA, kisha akayamwaga angani. Ni ajabu kwamba mtu anayegombana dukani kwa nusu kilo ya sukari iliyopunjwa katika mizani hukubali kupunjwa na gari lake mwenyewe kutwa nzima, tena kwa kujitakia.

Yapo mambo ambayo ndugu zetu wa bara wana udhuru nayo na sisi hatuna. Hewa hupungua uzito kadiri mtu anavyopanda juu, takriban sehemu moja katika kumi kwa kila mita 1,000. Lori linalohema katika nyanda za Iringa au Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, limekwisha kupoteza hewa nyingi kabla halijapakiwa. Sisi tuko usawa wa bahari. Ukingo wa Masingini, ambao ndio juu kabisa Unguja, ni mita 120 tu au kama hivyo. Pemba ina vilima vingi na vikali, lakini ni vifupi. Injini hapa inapata hewa nzito kuliko mahali pengine popote, na lori linaloshindwa kupanda kilima cha Pemba kwa mzigo wa halali, aghalabu lina ugonjwa. Dawa ya mgonjwa ni kumtibu, si kumlisha zaidi.

Kwa ajili hiyo, hatua ya kwanza ya kuongeza nguvu ni kurudisha ile iliyopotea. Chujio la hewa lililojaa vumbi la kokoto huweza kuinyima injini sehemu kubwa ya pumzi yake. Kulibadilisha ni kazi ya dakika kumi. Chujio la dizeli lililoziba huifanya pampu ivute kwa taabu. Maji yaliyotuama chini ya tangi, jambo la kawaida katika hali yetu ya unyevu, hutia kutu ndani ya vyuma ambavyo mwanya wake ni sehemu chache tu za elfu moja ya milimita. Nozeli, au nozo kama mafundi wanavyoziita, zikichoka huacha kupuliza ukungu mwembamba, zikawa zinadondosha matone. Tone haliungui kwa wakati, na moshi ukatoka hata kama pampu haikuguswa. Nozeli za injini za zamani hufunguka kwa mgandamizo wa baa 120 hadi 250 kwa kadiri ya aina ya injini, na upo mtambo mdogo wa mkono wa kuzijaribu ambao karakana yoyote inayojiheshimu haifai kuukosa. Breki inayogusa gurudumu muda wote, tairi lililopungua upepo, mlango wa silinda usiofunga vizuri, taimingi ya pampu iliyohama, yote haya hula nguvu. Tunathubutu kusema kwamba mwenye lori akiyamaliza haya kwa uaminifu, mara nyingi hatakuwa tena na haja ya kuendelea na makala haya.

Kwa yule ambaye bado anayo haja, tuendelee na pumzi. Mswisi Alfred Büchi ndiye aliyepata hataza ya turbo mwaka 1905, na fikra yake ni ya kiuchumi kwa kila hali: moshi unaotoka una nguvu ambayo ingepotea bure, basi na izungushe pangaboi, na pangaboi hilo lizungushe jingine la kuisukuma hewa ndani. Ikiwa lori limekuja na turbo yake, jambo la kwanza ni kuhakikisha mipira ya hewa haivuji na mhimili wa turbo haujalegea, kwani wengi huongeza mafuta ilhali hewa inatoroka kwenye mpira uliochanika. Ikiwa halikuja nayo, kulifunga turbo ni kazi kubwa inayohitaji akili. Injini zilizotengenezwa bila turbo, nyingi hazikuwekewa vipulizio vya mafuta ya kulainishia chini ya pistoni ili kuipoza, na ukandamizaji wake ni mkali zaidi. Mgandamizo mdogo unavumilika. Mkubwa huinyanyua hedi na kuipasua gasketi.

Na hapa yupo mgeni ambaye watu wengi humsahau, naye ni joto. Hewa ikikandamizwa hupata joto, na hewa yenye joto ni nyepesi. Turbo inayosukuma kwa baa 0.7 juu ya hewa ya kawaida haitii silinda asilimia 70 ya hewa zaidi, kama inavyodhaniwa. Hewa iliyoingia ikiwa na nyuzi 30 hutoka ikiwa na nyuzi 100 hivi, na nyongeza ya kweli hupungua ikawa kiasi cha asilimia 38. Ukiweka baina ya turbo na injini kile kipoza hewa ambacho mafundi hukiita intakula, ukaishusha hewa hadi nyuzi 50, nyongeza hupanda ikakaribia asilimia 60, bila kuongeza hata tone la mafuta wala kuisukuma turbo zaidi. Katika yote yanayouzwa kwa jina la kuongeza nguvu, safu hii haijui kitu chenye faida kuliko kipoza hewa kilicho safi, na haijui kitu kinachopuuzwa kuliko hicho. Matope na majani yaliyoziba mbele ya rejeta huonekana na kila mtu na hakuna anayeyaosha.

Baada ya pumzi ndipo tuje kwenye mafuta, na hapa uchaguzi hutegemea ni kizazi gani cha injini kilicho mbele yetu.

Kizazi cha kwanza ni cha pampu ya mstari, ile ndefu yenye plunja moja kwa kila silinda, ambayo kampuni ya Bosch ilianza kuitengeneza kwa wingi mwaka 1927 na ambayo ndiyo iliyoifanya dizeli iingie katika malori. Ni pampu ngumu, hulainishwa na mafuta ya injini, huvumilia mengi. Lakini ina plunja nne au sita, na kila moja lazima itoe kiasi sawa na mwenzake. Anayeikaza kwa kubahatisha akiwa amelala chini ya gari hawezi kujua kama silinda ya tatu inapata zaidi ya ya nne. Injini yenye silinda moja inayokula kuliko nyingine hutetemeka, na ile inayokula sana ndiyo itakayokufa mwanzo. Pampu ya namna hiyo hupimwa juu ya benchi, kwa bilauri za vipimo, kila mdomo na bilauri yake, kwa mizunguko kadhaa tofauti. Kufanya vinginevyo ni kuuza karafuu kwa kukisia uzito kwa mkono.

Kizazi cha pili ni pampu ya kugawa, fupi ya mviringo, yenye plunja moja inayozihudumia silinda zote kwa zamu. Hii ndiyo yenye ile skrubu ya nyuma inayowatia watu tamaa. Kuna jambo moja ambalo kila mwenye pampu hii anapaswa kulijua: hulainishwa na dizeli yenyewe, haina mafuta mengine. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa ni kavu, na huikwangua pampu polepole hata ikapoteza mgandamizo. Serikali ya Muungano ilipandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 ili kuivunja biashara hiyo ya kuchanganya, na ilikuwa sahihi. Pampu iliyokwanguka ikifunguliwa skrubu itatoa mafuta mengi wakati wa kasi na machache wakati wa kuwasha asubuhi, na dereva atasukumwa na vijana kila alfajiri. Katika pampu zilizotengenezwa kwa ajili ya turbo kuna kifaa juu yake, chenye kiwambo cha mpira, kinachozuia mafuta mpaka hewa ya turbo ifike. Fundi mwenye haraka hukikaza ili gari liwe jepesi kuondoka. Matokeo yake ni lile bomu la moshi tunaloliona kila lori linapoondoka kituoni. Kifaa kile ni adabu ya injini; asiye na sababu ya maana asikiguse.

Yapo pia mambo mawili ambayo hutajwa pamoja na pampu. La kwanza ni gavana, yaani kizuizi cha mwendo wa injini. Kukilegeza ili injini izunguke kupita kiwango chake hakuongezi nguvu ya kuvuta mzigo hata kidogo. Huongeza kasi ya vyuma kupigana. Lori la mizigo huvuta kwa mizunguko ya chini, na huko ndiko nguvu zinakotakiwa. La pili ni taimingi. Kuipeleka mbele sindano ya mafuta huleta mlio mkali ambao baadhi ya watu huupenda, na huongeza mgandamizo wa ghafla juu ya pistoni, beringi na gasketi ya hedi. Kuirudisha nyuma huongeza joto la ekzosi na moshi. Namba iliyoandikwa katika kitabu cha injini ndiyo ya kufuatwa, maadamu injini haikubadilishwa ndani.

Ama nozeli zenye matundu makubwa zaidi, ushauri wetu ni mfupi. Zibadilishwe zote kwa pamoja na za namba moja, zijaribiwe kabla ya kufungwa, na asizifunge mtu ambaye hewa yake haijaongezeka, kwani tundu kubwa hutoa tone kubwa.

Kizazi cha tatu ndicho kinachoingia sasa kwa wingi, nacho ni cha bomba la pamoja, ambapo pampu hujaza mafuta katika bomba moja kwa mgandamizo mkubwa na kompyuta ya gari huamuru kila nozeli ifunguke lini na kwa muda gani. Mfumo huu ulianza katika malori ya Ujapani mwaka 1995, na leo mgandamizo wake hufika baa 2,000 na zaidi. Hapa bisibisi haina kazi. Badala yake vinauzwa visanduku vidogo vinavyochomekwa kwenye waya wa kipima mgandamizo, navyo kazi yao, kwa lugha nyepesi, ni kuidanganya kompyuta. Kipimo kinasema mgandamizo ni mkubwa, kisanduku kinaiambia kompyuta kuwa ni mdogo, kompyuta inaamuru pampu iongeze. Pampu inafanya kazi kupita mpaka wake saa zote, na hakuna anayejua, kwani yule anayepaswa kujua ndiye aliyedanganywa. Anayetaka kubadili injini ya namna hii abadilishe hesabu za kompyuta yenyewe kwa mkono wa mtu anayeijua injini ile, na kwa kiasi kidogo. Wengine wasidanganyike na bei rahisi ya kisanduku. Pampu na nozeli za mfumo huu hazitengenezeki kwa nyundo.

Inafaa kueleza bidhaa hizi zinatoka katika soko gani. Nchini Marekani kuna watu wengi ambao kwao gari la dizeli ni mchezo, na wapo wanaolifungulia mafuta kusudi litoe moshi mweusi mbele za watu. Idara ya Mazingira ya nchi hiyo ilikadiria mwaka 2020 kwamba katika muda wa miaka kumi hivi zaidi ya magari 550,000 ya dizeli yalikuwa yameondolewa vifaa vya kusafishia moshi. Hata watengenezaji wakubwa hawakusalimika: Cummins ilikubali mnamo Disemba 2023 kulipa faini ya dola bilioni 1.675 kwa tuhuma za vifaa vya kukwepa vipimo vya moshi katika injini za magari ya Ram. Tajiri anayevunja injini yake siku ya mapumziko ana nyingine nyumbani. Mwenye Canter moja wa Konde hana. Ushauri uliotolewa kwa yule wa kwanza haufai kunakiliwa kwa huyu wa pili, hata ukiwa umeandikwa kwa maandishi ya kupendeza.

Yeyote atakayeongeza mafuta kwa njia yoyote kati ya hizi, na afunge kwanza kipima joto katika njia ya ekzosi kabla ya turbo. Ni kifaa kidogo, na ni bora kuliko masikio ya fundi hodari. Pistoni za injini hizi nyingi ni za alumini, madini ambayo huyeyuka kwa nyuzi 660 yakiwa safi, na huanza kulegea mapema zaidi ya hapo. Pistoni hupozwa na hewa mpya na mafuta ya injini, ndiyo maana huweza kuishi katika moshi wa joto hilo, ila si kwa muda mrefu. Mafundi wengi hulitazama joto la nyuzi 700 katika ekzosi kama mpaka wa kutovukwa kwa kazi ya mfululizo. Sindano ikifika huko, dereva apunguze mguu na ashuke gia. Gia ya pili haikuwekwa kwa pambo.

Baada ya injini kuna klachi, gia boksi na difu, vilivyokadiriwa kwa nguvu za mwanzo. Na baada ya hivyo vyote kuna breki. Hapa hatutataka mzaha. Lori lililokuwa likishuka kwa kilomita 50 kwa saa na sasa linashuka kwa 70 linahitaji breki imalize nguvu za mwendo karibu mara mbili ya zile za awali, kwa mzigo ule ule. Tumesikia mara nyingi habari za aliyeongeza nguvu za kwenda. Za aliyeanza kwa kuongeza nguvu za kusimama hatujazisikia.

Sasa tuwageukie waheshimiwa watendaji wa Serikali, kwani itakuwa si haki kumwachia dereva peke yake mzigo huu wa lawama.

Kwa nini mwenye lori anatafuta nguvu? Kwa sababu analipwa kwa safari na kwa ujazo. Anayeagiza mchanga huhesabu lori, hahesabu tani, na hivyo bodi hupandishwa mbao mbili juu ya kimo chake. Lori lililoundwa kubeba tani 4 likipakiwa 7 linahitaji nguvu za lori jingine, na skrubu ya pampu ndiyo inayoombwa izitoe. Ikiwa mizani itakuwapo pale mchanga unapotoka, na mwenye kuupakia akawajibika pamoja na mwenye kuubeba, nusu ya haja ya kufungulia pampu itaondoka yenyewe. Tunashauri malipo ya usafirishaji wa mchanga na kokoto yawe kwa tani. Hili linawezekana, karafuu ya mkulima mdogo kabisa hupimwa kwa kilo na gramu, na hakuna aliyelalamika kwamba mizani ni usumbufu.

Pili, ukaguzi wa magari. Macho ya mkaguzi si kipimo cha moshi, na kipimo kisicho na namba hufungua mlango wa maelewano ya pembeni ambayo sote tunayajua. Kipo chombo kinachopitisha mwanga ndani ya moshi wakati injini inakanyagwa bila mzigo mara kadhaa, na kutoa namba ambayo dereva na mkaguzi huisoma kwa pamoja. Tangu mwaka 2012 chombo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani kimeuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mkaguzi anayeuachia moshi upite anaachia jambo kubwa kuliko kosa la barabarani. Tungependa pia kuona magari ya Serikali yakitangulia katika mstari wa ukaguzi huo, yale ya kubebea taka na ya kujengea barabara yakiwa mbele kabisa. Mwananchi atakayeambiwa arudishe pampu yake katika kipimo, huku akipitwa na gari la idara lililofunika mtaa mzima kwa masizi, atakuwa na haki ya kucheka.

Tatu, na kwa maoni yetu hili ndilo kubwa, ni benchi la kupimia pampu. Mengi ya makosa tuliyoyataja hayafanywi kwa ubaya. Fundi hubahatisha kwa sababu benchi liko mbali au ni la mtu binafsi anayejipangia bei. Tunapendekeza huduma hiyo itolewe kwa bei inayobandikwa ukutani katika vituo vya mafunzo ya amali, Mwanakwerekwe kwa upande wa Unguja na Vitongoji kwa upande wa Pemba, na Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia isimamie usahihi wa vipimo vyenyewe. Vijana wanaosoma umakanika watapata pampu za kweli za kujifunzia, na mwenye lori ataondoka na karatasi yenye namba: kila mdomo umetoa kiasi gani, kwa mizunguko mingapi. Pampu ikishapimwa ifungwe lakiri mpya yenye alama ya kituo. Mkaguzi akikuta lakiri imekatwa, atajua la kuuliza na atamjua wa kumuuliza.

Gharama ya benchi si ndogo, wala wahandisi wa kuliendesha hawapatikani kwa siku moja. Lakini linaweza kuanza moja kwa kisiwa, likahudumia kwanza malori yanayobeba mali ya umma na yale ya vyama vya ushirika. Wakati unaofaa ni ule kabla ya msimu wa karafuu, ambapo malori mengi ya Pemba hukaa chini ya miembe yakingoja kazi, na pampu huweza kufunguliwa, kupimwa na kurudishwa bila mtu kupoteza hata safari moja.